Pampu ya mafuta imebadilishwa mara tatu ndani ya waranti na gari bado linazima: wakala nimbane wapi?

MbeziKwaMsuguri

Wakuu, habari za jioni. Gari ni jipya, si la kuagiza Japani, limenunuliwa kwa wakala hapa hapa Dar. Ni la petroli, cc 1500, nozeli za kawaida, si zile zinazomwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000. Sasa lina kilomita 41,300 na waranti imebakiza miezi 13.

Tatizo: likishatembea dakika 40 au zaidi linaanza kukosa nguvu, linashtuka shtuka, halafu linazima. Mara nyingi ni jioni kwenye foleni ya Morogoro Road, au linapopanda kutoka Ubungo kwenda Kimara. Ukiliacha robo saa linawaka kama vile halikuwa na lolote. Pampu ya ndani ya tenki imebadilishwa kwenye kilomita 18,900, 27,400 na 36,200. Kila ikibadilishwa gari linatulia miezi mitatu hivi, kisha yale yale. Namba ya kosa iliyowahi kusomeka kwenye mashine ni P0171 tu.

Safari hii wameandika "mafuta machafu, haihusu waranti" na wanataka nilipie pampu ya nne. Mafuta nanunua vituo vinavyojulikana na risiti za EFD ninazo. Je, wanaweza kunitoa kwenye waranti kwa sentensi moja? Na kiufundi inawezekana pampu tatu zife mfululizo namna hii?

fundi_umeme_tabata

Nijibu la pili kwanza, maana ndilo litakalokupa nguvu kwenye la kwanza.

Pampu tatu mpya kufa ndani ya kilomita 22,400 ni jambo gumu kuamini. Kinachoniingia akilini ni kwamba huenda zote tatu zilizotolewa zilikuwa nzima. P0171 haisemi "pampu mbovu". Inasema kompyuta imeona mafuta ni pungufu ukilinganisha na hewa, ikaongeza hadi ikafika mwisho wa uwezo wake. Hewa ya wizi kwenye manifoldi (njia ya kuingiza hewa kwenye injini) au sensa chafu ya hewa vinaweza kuleta namba hiyo hiyo, ila hivyo huonekana hata gari likiwa la baridi, na hewa ya wizi huonekana zaidi kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Lako linaumwa likiwa na joto na mzigo, likipoa linapona. Tabia hiyo ni ya umeme kuliko chuma.

Na hapa ndipo gereji nyingi zinapojikwaa, hata zenye vigae na kiyoyozi. Gari linalala kwao, asubuhi linapimwa presha likiwa limesimama, sailensi, injini ya baridi. Presha iko sawa, wanaandika "hakuna kosa". Kwenye sailensi injini inakunywa mafuta kidogo mno. Hata pampu goigoi itafikisha presha hiyo. Kipimo cha maana ni kile kinachochukuliwa dakika ile gari linapokosa nguvu.

Kwa hiyo dai jaribio la barabarani. Geji ifungwe kwenye bomba linaloingia reli ya nozeli kwa mpira mrefu, itoke nje ya boneti na kubanwa chini ya waipa ili isomeke kupitia kioo. Isiingizwe ndani ya gari hata kwa dakika moja. Mpira ukichomoka mnaoga petroli. Kabla ya kufungua bomba lolote, chomoa fyuzi ya pampu, acha injini izime yenyewe, ndipo utoe nguzo hasi ya betri. Zimamoto ya unga iwe karibu.

Namba za kulinganisha ziko kwenye kitabu cha gari lako, usikubali za kubuni. Ili upate picha tu: injini ya 1NZ-FE ya Toyota, ile ya Vitz na IST zilizojaa mjini, inataka PSI 44 hadi 50, yaani kPa 304 hadi 343, na ukizima injini, baada ya dakika 5 isishuke chini ya PSI 21.

Presha peke yake haitoshi. Ikishuka, swali linalofuata ni kama pampu imechoka au imenyimwa umeme. Soketi ya pampu kwa kawaida iko chini ya siti ya nyuma. Mtu achomeke pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, bila kukata wala kuchubua waya (ukichubua umewapa sababu ya kukukatalia), kisha apime volti pampu ikiwa inafanya kazi. Kupima soketi ikiwa imechomolewa hakuna faida: waya uliobakiza uzi mmoja utakuonyesha volti 12 safi kabisa, kwa sababu hakuna mzigo. Linganisha na betri. Upande wa chanya upotee si zaidi ya volti 0.5, upande wa ardhi si zaidi ya 0.2. Halafu klampu mita (kipima ampea kinachobana waya kwa nje) kwenye waya: pampu nyingi za magari madogo hula ampea 4 hadi 7. Ikila nyingi kupita kiasi inabanwa au inavuta uchafu. Ikila kidogo huku volti ni kamili, brashi zake zimeisha.

Tahadhari moja: kuna magari yanayoendesha pampu kwa moduli inayokata na kurudisha umeme haraka haraka ili kupunguza kasi. Hayo multimita itasoma volti chache na hakuna ubovu. Kwa cc 1500 ya kawaida mara nyingi ni rilei tu, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, lakini waulize kabla ya kupima.

Jaribio jingine halina gharama. Likianza kukosa nguvu, egesha pembeni ufungue kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu kuingia ndani na gari likapona papo hapo, njia ya kupumulia ya tenki imeziba na pampu inapigana na ombwe. Hilo halijawahi kutibiwa kwa pampu mpya.

Na swali langu kwako: gari lina kifaa cha GPS cha kulizima kwa simu? Kama kipo, kilifungwa wapi na nani?

GerezaniSpea

Mkuu, kabla ya yote usinunue pampu ya nje ukawapelekea wafunge. Hata ikiwa orijino, siku hiyo umewapa sababu ya kukutoa kwenye waranti.

Pia muulize wakala, kwa namba ya chasi, kama gari lako lina wito wa kiwandani (recall, mtengenezaji anapoita magari yenye kasoro yarekebishwe) ambao haujafanyiwa kazi. Pampu za mafuta zimewahi kuitwa kwa wingi. Januari 2020 Toyota waliita magari kama 700,000 Marekani, na kufikia Machi mwaka huo idadi ya huko ikafika milioni 1.8. Honda nao Desemba 2023 waliita zaidi ya milioni 2.5 Marekani. Ugonjwa ulikuwa kwenye impela, lile gurudumu dogo la plastiki linalosukuma mafuta: plastiki yenye msongamano mdogo inanyonya petroli, inavimba, inaanza kusugua kifuniko cha pampu hadi inagoma. Ukifungua pampu ya aina hiyo unaona alama ya mduara iliyokwaruzwa. Wito haujali kilomita wala unanunua mafuta wapi, na kazi yake ni bure.

Kwa wenye magari ya mtumba wanaosoma hapa: wakala wa Dar hana waranti na gari lako, ila namba ya chasi unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji wa Japani ukaona kama wito wake ulishafanyika kabla halijapanda meli.

Depo_Kurasini

"Mafuta machafu" ni tuhuma, si kipimo. Aliyeandika aonyeshe uchafu.

Utaratibu ni huu. Kabla mtu hajaosha tenki, vutwe mafuta kutoka chini kabisa ya tenki, si kwenye mpira wa injini ambako yameshachujwa. Chupa mbili za kioo zisizo na rangi, lita moja moja, zisijazwe hadi mdomoni. Zifungwe, ziandikwe tarehe, kilomita na namba ya usajili, pande zote mbili zisaini, kila upande ubaki na yake. Msitumie chupa za plastiki za maji.

Acha chupa itulie saa moja. Maji yatakaa chini kama tabaka lenye mpaka unaoonekana. Kutu na mchanga vitalala chini. Wakati huo huo fundi wa wakala aangalie neti ya chini ya pampu: mafuta yenye uchafu wa kuua pampu tatu hayawezi kuacha neti nyeupe. Muulize picha za neti za zile tatu ziko wapi.

Mafuta ya taa hayajitengi, yanachanganyika na petroli. Kipimo cha mtaani ni kudondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka bila kuacha doa, yenye mafuta ya taa au dizeli inaacha mviringo wa mafuta. Hicho ni cha kukuamsha tu, ushahidi ni wa maabara. Isitoshe, petroli iliyochakachuliwa ingefanya gari ligome kuwaka asubuhi na injini igonge kwenye mlima. Haiponi kwa kuegesha robo saa. Biashara hiyo yenyewe ilipungua utamu tangu 2011, kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa bei zikakaribiana.

Na mtu asikuchanganye na vinasaba, ile alama ya kemikali inayotiwa kwenye mafuta. Vinasaba vinaonyesha kama mafuta yamelipiwa kodi au ni ya magendo. Mafuta yenye vinasaba kamili yanaweza kuwa na maji. Ukithibitisha uchafu, malalamiko dhidi ya kituo yanakwenda EWURA, mdhibiti wa biashara ya mafuta, pamoja na risiti, lakini hilo ni faili jingine, lisichanganywe na la wakala.

KaratasiKwanza

Sasa upande wa mezani. Mshauri wa mapokezi hana mamlaka ya kukukatalia waranti. Yeye anaandika, meneja wa sevisi anaamua, na mara nyingi mtengenezaji ndiye anayelipa kazi ya waranti. Wakala akibadilisha pampu ile ile mara tatu kwenye chasi moja, dai la nne likienda huko litaulizwa maswali. Naona "mafuta machafu" imezaliwa hapo.

Anza na jobukadi, ile karatasi ya kazi ya gereji. Ukipeleka gari, usikubali waandike "pampu" wala "angalia mfumo wa mafuta". Malalamiko yaandikwe jinsi yanavyotokea: "Gari linapoteza nguvu na kuzima likiwa barabarani baada ya dakika 40 au zaidi, AC ikiwa imewashwa, linapopanda, linawaka tena baada ya dakika 15." Chini yake: "Mteja anaomba jaribio la barabarani la pamoja, presha na volti zipimwe wakati tatizo linatokea." Ukiandika jina la kifaa, watabadilisha kifaa. Ukiandika tabia, wanalazimika kuitafuta.

Omba nakala za jobukadi tatu za nyuma. Ziangalie kwa vitu vinne: kilomita, namba ya spea iliyofungwa, vipimo vya kabla na baada, na sababu ya kuharibika. Naweka dau kwamba kwenye sababu kuna neno "mbovu" au nafasi tupu. Pampu za zamani hawatakupa, kwa kawaida kifaa kilichobadilishwa kwa waranti ni mali ya mtengenezaji, lakini unayo haki ya kuuliza kilikutwa na nini.

Kisha barua pepe, si simu, kwa meneja wa sevisi, nakala kwa ofisi ya mtengenezaji inayohusika na kanda hii; anwani iko kwenye kijitabu cha waranti. Iwe fupi: namba ya chasi, tarehe tatu na kilomita zake, na ombi moja, kwamba wanaokataa waranti wataje kwa maandishi kipimo gani kimeonyesha mafuta ni machafu, sampuli ilichukuliwa lini na iko wapi. Wape siku 14. Usitishie mtu mahakama kwenye barua ya kwanza, inawafanya waite mwanasheria badala ya fundi.

Wakinyamaza, peleka faili hilo hilo Tume ya Ushindani, FCC, ambayo inasimamia ulinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Pia ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayogusa ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi iliyonunuliwa. Hapo mtafute wakili asome na mkataba wako wa mauzo. Lakini kwa uzoefu wa mafaili ya namna hii, jobukadi yenye namba inafanya kazi kuliko barua yenye hasira.

MbeziKwaMsuguri

Asanteni sana wakuu. Majibu kwa mpangilio: wito wa kiwandani hakuna kwa chasi hii. Sampuli imechukuliwa mbele ya msimamizi wao, chupa mbili, haina maji wala takataka, neti ni safi. Jobukadi tatu zote, sababu imeandikwa "pampu dhaifu", hakuna kipimo hata kimoja.

Jaribio la pamoja limefanyika jana saa 11 jioni, tenki robo, AC juu, fundi wao na fundi umeme wangu ndani. Wakala amekiri pampu inaendeshwa kwa rilei, hakuna moduli. Likiwa la baridi: PSI 47, betri volti 14.0, kwenye pampu 13.4. Baada ya dakika 50 kupanda Kimara: PSI ikashuka hadi 31 gari likaanza kushtuka, betri 13.8, kwenye pampu 8.6, upande wa ardhi 0.1, ampea 3.9. Yote yameandikwa na wamesaini.

GPS ipo. Ilifungwa kabla sijakabidhiwa gari, ilikuwa sharti la mkopo wa benki. Rilei yake iko chini ya siti ya nyuma, imefungwa pamoja na waya za soketi ya pampu.

fundi_umeme_tabata

Basi umeshampata. Toa 8.6 kwenye 13.8 inabaki 5.2, ardhi imekula 0.1 tu, kwa hiyo volti 5.1 zinapotea njiani upande wa chanya. Gawa kwa ampea 3.9 unapata omu 1.3, kwenye waya ambao haukupaswa kuwa hata na omu 0.1. Zidisha, ni wati 20 za joto kwenye kiungo kimoja, karibu sawa na pasi ndogo ya kulehemu. Ukiinua siti utakuta tepu nyeusi imelainika au rilei imebadilika rangi. Pima volti kuruka ile rilei na viungo vyake viwili ujue ni kipi hasa.

Na hili linaeleza miezi mitatu ya utulivu. Kila walipobadilisha pampu walinyanyua siti, wakavuta zile waya, kiungo kilichosokotwa kwa mkono kikajisugua na kushika upya. Halafu unyevu wa Dar na joto vinaendelea kukioksidisha taratibu, upinzani unapanda, kikipata moto unapanda zaidi. Ukiegesha kinapoa, kinashika. Pampu haikuwahi kuwa na kosa.

Matengenezo: rilei itolewe kwenye njia ya pampu kabisa. Kipande cha waya kilichoungua kikatwe, kiwekwe cha unene ule ule, viungo vibanwe kwa koleo ya terminali na kuvikwa mpira wa kusinyaa wenye gundi. Kusokota na tepu, hapana. Benki ikitaka GPS ibaki na uwezo wa kuzuia gari, ikate njia ya starta. Kukata pampu gari likiwa kwenye kasi kunaondoa nguvu barabarani na msaada wa breki unakwisha baada ya kukanyaga mara chache; si mahali pa kuchezea.

KaratasiKwanza

Usiruhusu mtu aguse kabla ya picha. Piga rilei, viungo, namba iliyoandikwa kwenye rilei, na ionekane namba ya chasi au ya usajili kwenye picha mojawapo. Kipande kitakachokatwa kiwekwe kwenye mfuko na kisainiwe.

Sasa tafuta ankara ya mauzo. Kama kuna mstari wa "kufunga GPS" uliolipwa kwa wakala, kazi ile ni yake, hata kama aliita fundi wa nje, na hawezi kukuambia umechezea umeme wa gari. Kama benki ilimleta fundi wake moja kwa moja, wakala atakuwa na hoja kwamba kiungo si cha kiwandani, na bili ya waya itakwenda kwa aliyefunga. Hata hapo, pampu na sehemu nyingine za gari hazitoki kwenye waranti kwa sababu ya kiungo kimoja. Soma kipengele cha vifaa vya ziada kwenye kijitabu, kwa kawaida kinaondoa madhara yaliyosababishwa na kifaa hicho tu.

MbeziKwaMsuguri

Ankara ninayo mbele yangu. Mstari wa tatu: "GPS na ufungaji", umelipwa kwa wakala pamoja na bei ya gari.

KaratasiKwanza

Vizuri. Barua ya pili iombe vitu vitatu: watengeneze waya bila malipo, wafute maneno "mafuta machafu" kwenye kumbukumbu ya chasi yako na wakupe nakala iliyochapwa ya kumbukumbu hiyo (yakibaki, nozeli ikisumbua mwakani watayarudia), na waandike sababu ya kweli kwenye jobukadi. Pampu ya nne usiidai.

fundi_umeme_tabata

Naunga mkono, pampu iliyopo iache. Waya ukishatengenezwa warudie jaribio lile lile: saa 11 jioni, tenki robo, AC juu, kupanda Kimara baada ya dakika 50. Presha isimame pale pale ilipokuwa ya baridi, volti kwenye pampu zipungue si zaidi ya 0.5 upande wa chanya, ampea zirudi kati ya 4 na 7. Uguse na kiungo kipya kwa mkono. Kiwe cha uvuguvugu wa kapeti tu. Ndipo usaini kuchukua gari.